Mwendo mara mbili, nishati mara nne: jibu kwa dereva wa Fuso la viazi

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Naendesha Fuso la viazi kutoka Isyonje kwenda Dar. Gari likijaa, mizani ya Makambako husoma tani 14 na kitu. Binti yangu yuko kidato cha pili, na juzi akifanya maswali ya fizikia aliniambia kwamba nikitoka mwendo wa 40 nikaenda 80, gari linakuwa na nishati mara nne. Mimi najua 80 ni mara mbili ya 40, basi. Nikamuuliza: kama ni hivyo, mbona mlima wa Kitonga nashuka na 40 tu, tena kwa adabu, na breki zinanuka hadi utingo anaziba pua, wakati tambarare ya Chimala mpaka Igawa napiga 80 na breki ziko baridi? Akanyamaza. Nani yuko sahihi, na hesabu hiyo inafanywaje? Pia kuna dereva mwenzangu hushuka frii, yaani gia ikiwa nje, ili abane mafuta. Anasema gari tupu ndilo la kuogopa, lenye mzigo linashika barabara. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Salama kabisa, ndugu yangu, na pole na barabara. Niseme mapema ili usikae roho juu: binti yako yuko sahihi kuhusu mara nne, na wewe ulichokiona Kitonga ni kweli tupu. Mmegongana kwa sababu yeye alikuwa anazungumzia nishati inayotokana na mwendo, na wewe ulimletea swali la nishati inayotokana na kimo. Ni vitu viwili, ingawa mwisho wa safari vyote huishia kwenye breki zako. Nianze na ya binti, kisha tushuke Kitonga. Hilo la frii nitalisema bila kupepesa macho, kwa sababu linaua watu.

Kitu chochote kinachotembea kimebeba nishati kwa kuwa tu kinatembea, na ili kisimame lazima nishati hiyo yote iondoke iende mahali. Kuipata ni rahisi. Chukua kilo zote za gari na mzigo wake, ugawe kwa mbili. Kisha chukua mwendo, uuzidishe kwa wenyewe. Zidisha majibu hayo mawili. Jibu linapimwa kwa jouli, kizio kilichopewa jina la Mwingereza James Joule, ambaye katika miaka ya 1840 alionyesha kwa vipimo kwamba kazi ikipotea katika msuguano hutokea kama joto la kiasi kilekile. Mkumbuke huyo, tutamhitaji mlimani.

Sharti moja: mwendo uwe wa mita kwa sekunde, si kilomita kwa saa kama unavyosomeka kwenye dashibodi. Kugeuza, gawa kwa 3.6. Wanafunzi wengi huangukia hapa. Ukisahau kugawa, jibu linakuwa kubwa karibu mara 13 kuliko kweli, na kwa macho huwezi kulishtukia. Kosa la pili ni kuzidisha mwendo kwa kilo kwanza ndipo ukazidisha jibu lote kwa lenyewe. Kinachozidishwa kwa chenyewe ni mwendo peke yake.

Tufanye kwa gari lako. Tani 14 ni kilo 14,000, nusu yake 7,000. Mwendo wa 40 ukigawa kwa 3.6 ni 11.1, ukizidisha kwa wenyewe unapata 123.5 hivi. Zidisha kwa 7,000: jouli 864,000. Sasa 80: ukigawa ni 22.2, ukizidisha kwa wenyewe ni 493.8, mara 7,000 unapata jouli 3,457,000. Gawa ya pili kwa ya kwanza uone. Mara nne kamili.

Wala si jambo la kuonea aibu. Wasomi wa Ulaya walibishana juu ya hili kwa miaka mingi, wengine wakishikilia kama wewe kwamba mwendo mara mbili ni mara mbili, basi. Mholanzi Willem 's Gravesande, katika miaka ya 1720, aliamua kupima. Aliangusha mipira ya shaba nyeupe kwenye udongo laini wa mfinyanzi kutoka vimo mbalimbali, akapima mashimo. Mpira uliofika chini na mwendo mara mbili ulichimba shimo kubwa mara nne. Mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, aliitetea hoja hiyo kwa maandishi mwaka 1740, wakati wanaume wengi waliomzidi umri na vyeo walikuwa bado hawataki kusikia. Jaribio hilo mnaweza kulifanya uani. Chukueni gololi kubwa ya chuma na udongo mbichi, muiangushe kutoka sentimita 25, kisha kutoka mita 1. Ili mwendo wa kufikia chini uongezeke mara mbili, kimo lazima kiongezeke mara nne.

Lakini najua dereva hataki kuambiwa tu kwamba ndivyo ilivyo. Kwa nini mara nne? Fikiria unakanyaga breki kwa nguvu ileile, na kila sekunde inayopita inakupunguzia kilomita 18 za mwendo. Ukiwa na 40, utasimama baada ya sekunde 2.2. Ukiwa na 80, sekunde 4.4, muda mara mbili. Mpaka hapo tunakubaliana. Ila katika muda huo mrefu zaidi, gari lilikuwa pia linakimbia zaidi: wastani wa mwendo wako ukisimama kutoka 80 ni 40, na ukisimama kutoka 40 ni 20. Muda mara mbili, na katika kila sekunde ya muda huo unakula barabara mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Kwa mfano huu, kutoka 40 gari linahitaji mita 12 za breki, na kutoka 80 linahitaji mita 49. Ongeza sekunde moja na nusu ya kuona, kuamua na kuinua mguu, ambapo breki bado hazijafanya lolote: mita 17 kwa 40, mita 33 kwa 80. Jumla ni mita 29 na mita 82. Lami ikiwa imelowa, kama asubuhi za ukungu pale kwenu Isyonje, breki zile za mita 49 zinaweza kufika mita 80 au zaidi.

Ndiyo maana kibao cha 50 pale Igurusi au Ilula si cha kumpatia trafiki kazi. Ukipita na 80 penye 50, hujazidisha nusu na kidogo kama masikio yanavyosikia. Umebeba nishati zaidi ya mara mbili na nusu. Na kumbuka kila kilomita unayoongeza juu ni ghali kuliko ya chini yake: kutoka 40 kwenda 60 unaongeza jouli milioni 1.1, kutoka 60 kwenda 80 unaongeza milioni 1.5, ingawa mshale umesogea 20 zilezile.

Mzigo wenyewe je? Huo ndio unaokwenda sawasawa bila kujizidisha. Tajiri akikubandikia lumbesa 20 za ziada za kilo 120, umeongeza kilo 2,400, na nishati inapanda kwa asilimia 17. Kwa Fuso linalokwenda 80, ni sawa na kama ungeendesha tani zako 14 kwa karibu 87. Si kidogo, ila uone jinsi kilomita saba tu za mwendo zinavyolingana na magunia 20.

Sasa twende Kitonga.

Ukiwa juu upande wa Ilula, gari lako lina nishati nyingine ambayo haionekani kwenye mshale: liko juu. Injini ilichoma dizeli kulifikisha nyanda hizi, na sehemu ya kazi hiyo imewekwa kwenye kimo. Hesabu yake ni kilo zote, mara 9.8, mara mita unazoshuka. Sitaki kukupa vipimo vya Kitonga kama mpimaji, kwa hiyo tuchukue mteremko wa mfano: unashuka mita 400 katika barabara ya kilomita 8, yaani mita 5 kwa kila mita 100. Kwa tani zako 14 hiyo ni jouli milioni 55, kasoro kidogo.

Rudi kwenye hesabu ya binti. Mwendo wa 40 ulikuwa na jouli 864,000. Kimo kina zaidi ya mara 60 ya hizo. Na angalia: umeanza kushuka na 40, umefika chini na 40. Nishati ya mwendo haijaongezeka wala kupungua. Basi zile milioni 55 zimekwenda wapi? Ndipo Joule anaporudi. Zimegeuka joto. Upepo na matairi kwa mwendo huo huenda vikala milioni 10 hivi. Zinabaki milioni 45, na hizo zina milango miwili tu ya kutokea: injini au breki.

Kama injini haikusaidii, zote zinaingia kwenye ngoma nne za breki. Tuseme ngoma zote pamoja zina kilo 200 za chuma. Kilo moja ya chuma hupanda nyuzi moja ya joto kwa jouli 500 hivi. Kwa hiyo kilo 200 huhitaji jouli 100,000 kwa kila nyuzi. Gawa milioni 45 kwa 100,000: nyuzi 450. Kweli, baadhi ya joto hupeperushwa na upepo njiani, kwa hiyo halitafika huko lote, lakini hata nusu yake inatosha kuunguza vile vipande vinavyobana ngoma na kutoa harufu inayomsumbua utingo.

Linganisha na tambarare ya Chimala. Ukisimama mara moja kutoka 80, breki zinameza jouli milioni 3.5. Ngoma zinapanda nyuzi 35 tu, kisha unatembea kilomita kadhaa bila kuzigusa, zinapoa. Hilo ndilo jibu la swali lililomnyamazisha binti yako. Kusimama kutoka 80 ni joto kidogo linalokuja mara moja. Kushuka mlima mrefu na 40 ni joto jingi lisilopumzika.

Mwendo nao una neno lake mlimani, ila kwa njia nyingine. Ukishuka na 40, kilomita 8 zinakuchukua dakika 12, na breki lazima zitoe joto kwa kasi ya kilowati 62. Hiyo ni kama kuwasha pasi za umeme 62 kwa pamoja chini ya bodi. Ukishuka na 20, joto la jumla ni karibu lilelile, lakini linatoka kwa dakika 24, kwa nusu ya kasi, na ngoma zinapata nafasi ya kulitoa hewani. Kwa hiyo adabu yako ya 40 ni nzuri, lakini kwa gari lililojaa haitoshi kama mguu ndio unaofanya kazi yote.

Breki zikipata moto kupita kiasi, mambo matatu hutokea, mara nyingi kwa pamoja. Vile vipande hupoteza ukali, vinateleza juu ya ngoma badala ya kuishika. Ngoma yenyewe hutanuka kwa joto na kuvikimbia, hivyo pedali inazidi kwenda chini kabla breki haijashika. Na kama gari lako linatumia mafuta ya breki, mafuta ya zamani yaliyokwisha kunyonya unyevu huchemka na kutoa mapovu. Mapovu hubonyea, pedali inakwenda hadi chini bila kitu. Kwenye breki za upepo hatari ni kukanyagakanyaga ovyo, kwa sababu kila mkanyago unatumia upepo, na kompresa isipowahi kujaza, unabaki na mtungi mtupu katikati ya kona.

Sasa kuhusu mwenzako. Lile la mzigo lina nusu ya ukweli, nami sitamnyima. Matairi yenye uzito juu yake hushika lami kwa nguvu zaidi, na gari tupu likikanyagwa breki ghafla kwenye mvua, magurudumu ya nyuma hufunga na mkia ukatupwa. Hapo gari tupu lina hatari yake. Lakini mlima mrefu hauulizi matairi yanashika vipi. Unauliza breki zitameza joto kiasi gani, na joto linakwenda sawasawa na tani. Fuso tupu la tani 6 kwenye mteremko ule lina milioni 23 na nusu za kumaliza. Lako lina 55.

La frii sina nusu ya ukweli ya kumpa. Kwanza halibani mafuta kama anavyofikiri: ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na pampu hukata dizeli, ila ukiwa frii injini lazima inywe ili isizime. Pili, na hili ndilo zito, anaufunga ule mlango mmoja wa injini na kuzipeleka zile jouli zote kwenye breki. Injini inayozunguka polepole pia hujaza upepo polepole. Ikizima, usukani unakuwa mzito papo hapo.

Naomba mfanyie hesabu hii ndogo akiwa amekaa. Anashuka frii na 40, breki zinagoma. Ili kutoka 40 kufika 80, gari linahitaji kushuka mita 19 tu za kimo. Kwenye mteremko wetu wa mita 5 kwa 100, hiyo ni barabara ya mita 380. Weka upepo na matairi, fanya 500. Ni nusu dakika hivi. Na katika hesabu hiyo tani zinajifuta zenyewe: tupu au limejaa, mwendo unapanda karibu sawasawa, ila lililojaa linafika chini na nishati ya kubomoa zaidi. Likigonga ukingo wa daraja kwa 80 na kusimama ndani ya mita moja, tani zako 14 zinasukuma kwa kani sawa na uzito wa tani 350. Hakuna kabati la gari lililotengenezwa kwa hilo.

Kwa hiyo ufanyeje? Chagua gia kabla hujaanza kushuka, ukiwa bado juu na gari limetulia. Wazee wa barabara walisema shuka na gia uliyopandia. Kwa gari lililojaa mimi ningeshuka moja zaidi chini ya hapo, mradi mizunguko ya injini isiingie kwenye rangi nyekundu. Usingoje likikimbia ndipo upunguze, maana gia inaweza kukataa kuingia ukajikuta frii bila kutaka. Washa breki ya eksozi: inaziba njia ya moshi, pistoni zinasukumana na hewa iliyobanwa, na joto linatokea kwenye injini ambayo ina maji na feni ya kulitoa, kazi ambayo ngoma hazikuumbwa kuifanya kwa dakika 20. Mguu ubaki wa kusaidia tu: mwendo ukipita ule uliojiwekea, kanyaga kwa uhakika ushushe kilomita 8 hadi 10, kisha achia kabisa. Usiushikilie kidogo kidogo njia nzima. Kukokota breki huifanya ile iliyokazwa zaidi ibebe mzigo wa wenzake.

Nikuambie na gharama yake, kwa sababu tajiri ataiuliza. Kushuka hivi kutakuchelewesha robo saa kwa kila mlima mrefu, na wenye haraka nyuma yako watapiga honi. Wapishe penye nafasi, uendelee na gia yako.

Ikiwa harufu inatokea hata ukishuka kwa gia ndogo, hesabu zangu haziwezi kukusaidia tena. Simama mahali tambarare, weka vigingi, acha zipoe zenyewe. Usimwage maji kwenye ngoma ya moto, hupasuka. Pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, hilo ndilo linalofanya kazi ya wenzake au limekwama. Ukiona hivyo, au pedali inakwenda chini kuliko jana, au gari linavuta upande, au mshale wa upepo unashuka hujakanyaga, au kuna mafuta ndani ya gurudumu, usiteremke na mzigo huo. Mwite fundi wa breki afungue ngoma zote nne akiwa na wewe, si ile moja inayolalamika, apime unene wa vipande, akaze kwa usawa, na kama ni za mafuta, amwage ya zamani aweke mapya. Na wewe na mwenzako, kama hamjawahi kukaa na mkufunzi ndani ya kabati la gari lililojaa mkashuka mlima kwa gia, ulizeni chuo cha ufundi cha VETA cha Mbeya au Iringa kuhusu mafunzo ya udereva wa magari makubwa. Sikio linalojua injini inalia vipi ikiwa kwenye gia sahihi hupatikana mkiwa barabarani, mwalimu akiwa kando.